Betri ya Bei Rahisi Iliyokula Faida: Kisa cha Baiskeli 20 za Umeme Nairobi

Usuli

Kisa hiki kinahusu kikundi cha mafundi watano wenye karakana moja upande wa Eastlands, Nairobi, kati ya Agosti 2023 na mapema 2025. Majina ya watu, mtaa na kampuni ambazo wateja wao walizipelekea chakula na vifurushi yameondolewa, na fedha zimekadiriwa kwa mia iliyo karibu.

Karakana ilijulikana kwa kutengeneza baiskeli na pikipiki. Kufikia katikati ya 2023, wateja waliokuwa wakiongezeka kwa kasi ni marida wa kupeleka oda Kilimani, Westlands na katikati ya jiji. Wengi wao hawakuwa na pikipiki zao. Walikodi, wakampelekea mwenye pikipiki shilingi 400 hadi 500 kila jioni, kisha wakanunua petroli kwa kilichobaki. Oktoba 2023 lita moja ya petroli Nairobi ilifika shilingi 217.36. Pikipiki inayokwenda kilomita 45 kwa lita hula zaidi ya shilingi 300 kwa siku ya kilomita 68, kabla hata ya kubadilisha oili.

Wakati huohuo mazungumzo kuhusu magari ya umeme yalikuwa yamepamba moto. Sheria ya Fedha ya 2023 iliweka baiskeli za umeme na betri za lithiamu kwenye VAT ya kiwango cha sifuri. EPRA, mdhibiti wa kawi, ilikuwa imeidhinisha bei maalumu ya stima ya kuchaji vyombo vya usafiri: shilingi 16 kwa yuniti, na 8 katika saa za matumizi madogo, kabla ya kodi na tozo. Agosti 2023 Uber ilizindua huduma ya boda ya umeme jijini, na tayari kulikuwa na kampuni kadhaa zenye vituo vya kubadilishana betri za pikipiki. Lakini pikipiki hizo zilihitaji malipo ambayo rida wa kukodi hakuyaweza. Kikundi kiliona pengo kati ya baiskeli ya kawaida na pikipiki ya umeme, kikaamua kulijaza kwa chombo kisichozidi shilingi 55,000.

Awamu ya kwanza: baiskeli nane

Mpango ulikuwa kuchukua baiskeli ya mitumba yenye fremu ya chuma na kuifunga mota ya wati 250 kwenye gurudumu la nyuma, kontrola (kifaa kinachogawia mota umeme) ya ampea 15, aksileta ya kidole gumba na betri ya volti 36. Gharama ya moja ilikuwa hivi: baiskeli 9,500, kifurushi cha mota 21,000, betri 11,000, chaja 2,000, sanduku la mzigo pamoja na taa na kufuli 3,500, kazi ya ufundi 4,000. Jumla 51,000. Waliuza kwa 54,000 kwa mtindo wa lipa pole pole: amana ya 12,000, kisha 300 kwa siku kwa siku 140 kupitia M-Pesa.

Betri ndiyo iliyoshusha bei. Badala ya kununua seli mpya, walinunua pakiti chakavu za laptopu, wakazifungua na kutoa seli za 18650. Kazi yenyewe waliifanya kwa uangalifu. Seli yoyote iliyokuwa chini ya volti 2 ilitupwa. Zilizobaki zilichajiwa hadi 4.20, zikaachwa wiki mbili, na iliyoshuka chini ya 4.10 ikatolewa. Kisha kila seli ilipimwa uwezo wake kwa kuitoa chaji polepole, kwa ampea nusu. Wastani ulikuwa ampea-saa 1.9. Wakaunganisha seli 60, yaani makundi 10 ya seli sita sita, wakapata pakiti ya ampea-saa 11.4, karibu wati-saa 410.

Vipimo hivyo vilikuwa sahihi, ila havikugusa jambo lililokuja kuiua betri. Seli ya laptopu imetengenezwa itoe umeme kidogo kidogo kwa saa tatu au nne. Kuipima kwa ampea nusu ni kuiuliza kazi ambayo tayari inaiweza. Ndani ya baiskeli yenye kontrola ya ampea 15, kila seli ililazimika kutoa ampea 2.5 kila rida alipopanda mlima.

Kosa la pili lilikuwa la swali tu. Kikundi kiliwauliza marida huwa wanaenda kilomita ngapi kwa siku. Wakajibu 30 hadi 40. Hakuna aliyedanganya, rida huhesabu safari zenye mzigo, hahesabu kurudi mtupu wala kuzunguka akisubiri oda. Mita za kilomita zilipofungwa Desemba, wastani ulisoma 68.

Baiskeli nane ziliuzwa Septemba na Oktoba 2023. Mvua za El Niño zilianza mara hiyohiyo.

Yaliyoharibika, kwa mfuatano

Kwanza ilikuwa maji. Mwezi wa Novemba kontrola nne zilikufa. Zote zilikuwa zimefungwa chini ya kiti, mdomo wa nyaya ukiangalia juu, hivyo maji yalifuata waya na kuingia ndani kama yanayofuata mfereji. Suluhisho halikugharimu chochote. Kontrola iligeuzwa mdomo uangalie chini, na kila waya ukaachiwa kitanzi kinachoning'inia kabla ya kuingia kwenye sanduku ili tone lidondoke pale chini ya kitanzi. Plagi zilijazwa grisi ya silikoni. Baada ya hapo hakuna kontrola iliyokufa kwa maji, hata katika mafuriko ya Aprili na Mei 2024.

Pili, spoki. Mota ya habu, yaani iliyo katikati ya gurudumu, ni nzito na kipenyo chake ni kikubwa, kwa hiyo spoki zake ni fupi na zimelala zaidi, na kila shimo la barabara linaishia kwenye kiwiko cha spoki. Zile za milimita 2.0 zilikatika mbili mbili kwa wiki. Walihamia za milimita 2.6, wakazipitisha kwa kukatizana mara moja tu badala ya mara tatu, na wakaweka sharti kwamba baiskeli irudi kukazwa baada ya kilomita 100 za kwanza. Waliorudi hawakukatikiwa tena. Rida wawili ambao hawakurudi walikatikiwa.

Tatu, ekseli. Ekseli ya mota ina pande mbili bapa zinazokaa kwenye mdomo wa fremu, na ndizo zinazozuia mota isijizungushe yenyewe badala ya kuzungusha gurudumu. Fremu ya mitumba ina mdomo mwembamba. Kwenye baiskeli moja pande hizo ziliutanua mdomo kidogo kidogo hadi siku ekseli ilipozunguka mzima na kukata nyaya zote tisa zinazopita ndani yake. Mota ya shilingi 15,000 ilikufa kwa kukosa kipande cha chuma cha shilingi 200. Tangu hapo kila gurudumu lilifungwa bamba la chuma la milimita 5 lililochongwa kuifuata ekseli na kubanwa kwenye fremu kwa boliti.

Haya matatu yalikuwa ya kawaida, na fundi mzuri huyatatua kwa wiki. La nne lilikuwa la aina nyingine.

Kuanzia Desemba marida walianza kulalamika kuhusu milima. Mmoja alieleza hivi: "Fundi, kwa tambarare inaonyesha mistari miwili, lakini nikianza kupanda Valley Road inazima kabisa. Nikisimama dakika mbili inawaka tena, mistari bado ni miwili."

Maelezo hayo ni kamili kuliko alivyojua. Seli zilipokuwa changa kwenye baiskeli, kila moja ilikuwa na ukinzani wa ndani wa karibu miliohm 90. Baada ya miezi mitatu ya kuvutwa kwa nguvu, wastani ulifika 150. Seli sita zikiwa sambamba hubaki na 25, na makundi 10 yakifuatana hufanya 250. Ongeza nyaya, BMS (kadi inayolinda betri kwa kukata umeme seli zikishuka au kujaa kupita kiasi) na viungo vya nikeli, karibu 40, ufike 290. Zidisha kwa ampea 15 za mlimani: volti 4.35 zinapotea ndani ya betri yenyewe kabla hazijafika kwenye mota. Betri iliyosimama inasoma 35.5, na ni kweli bado ina chaji. Ikibebeshwa mlima inashuka hadi 31 na kitu, na kundi la seli lililo dhaifu hushuka zaidi ya mengine hadi BMS ikate umeme. Rida akisimama, volti hupanda tena na mistari hurudi.

Kwa nini mlima? Rida wa kilo 70, baiskeli ya kilo 30 na mzigo wa kilo 20, kwenye mteremko wa asilimia 6 kwa kilomita 20 kwa saa, wanahitaji karibu wati 500 kwenye gurudumu. Kwenye tambarare, kwa mwendo huohuo, wanahitaji kama 100 tu. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari na kuelekea magharibi inapanda tu: kutoka mjini hadi Westlands, hadi Ngong Road, hadi Kangemi. Rida wa oda hana njia ya kuikwepa milima hiyo.

Kikundi kilijua tatizo lakini kikachelewa kujibu, kwa sababu jibu la kweli lilikuwa betri mpya na pesa hazikuwepo. Marida hawakungoja. Fundi mmoja wa kando ya barabara aliwapa "dawa": aliunganisha waya hasi wa seli moja kwa moja na waya hasi unaotoka nje, akairuka BMS. Hapo kikundi kimoja dhaifu cha seli kikishuka, hakuna wa kukata. Baiskeli ilipanda mlima bila kuzimika. Rida watatu walifanyiwa hivyo bila karakana kujua.

Usiku wa Januari

Katika betri hizi, BMS ina njia moja inayotumika kwa kutoa chaji na kwa kuingiza. Ukiiruka kwa ajili ya mlima, umeiruka kwa ajili ya chaja pia. Hilo ndilo ambalo fundi wa kando hakulijua.

Januari 2024 chaja ya rida mmoja iliungua. Alikwenda mjini akanunua nyingine. Muuzaji aliangalia plagi, ikaingia, akamwambia ni ya baiskeli ya umeme. Ilikuwa chaja ya volti 54.6, ya betri za volti 48. Betri yake ilihitaji 42. Plagi zilikuwa sawa kabisa, ile ya duara ya milimita 5.5 ambayo iko kwenye kila kifaa Luthuli Avenue, mtaa wa maduka ya elektroniki.

Chaja hiyo ilikuwa inasukuma kila seli kuelekea volti 5.46 wakati mwisho wake ni 4.2. BMS nzima ingekata karibu na 4.25 na usiku ungepita kimya. Saa tano usiku, katika ploti ya vyumba kumi, betri ilianza kutoa harufu tamu kama ya rangi ya kucha, kisha moshi. Jirani alichomoa chaja, akaliburuta sanduku kwa jembe hadi uani na kulimwagia maji ndoo baada ya ndoo. Hilo lilikuwa jambo sahihi: maji mengi hupoza seli zilizo jirani na iliyolipuka, na hapo ndipo moto wa lithiamu husimama. Seli nne zilikuwa zimepasuka. Godoro na pazia viliungua. Hakuna aliyeumia, na tunaandika sentensi hii tukijua kuwa mlangoni mwa chumba hicho kulikuwa na mtoto amelala.

Kesho yake kikundi kilikusanya betri zote nane. Tano zilikuwa zimeshuka chini ya nusu ya uwezo wake. Tatu zilikutwa zimerukwa BMS. Hakuna iliyorudishwa barabarani.

Maamuzi, na kwa nini

Walikaa wiki mbili na daftari. Hesabu iliyobadilisha mwelekeo ni hii: betri ya shilingi 11,000 ilidumu siku 110 za kazi, kwa hiyo kila siku ya kazi iligharimu shilingi 100 za betri. Kilichoitwa cha bei rahisi kilikuwa sehemu ghali kuliko zote kwenye baiskeli.

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kuacha seli za mitumba kabisa kwa kazi ya mizigo, na kutumia seli mpya za LFP, aina ya lithiamu yenye chuma na fosfeti. Walichagua seli za duara za ampea-saa 15 zenye skrubu kila upande, 16 kwa mfululizo: volti 51.2, wati-saa 768. LFP ni nzito kuliko seli za laptopu kwa chaji ileile, na pakiti nzima ilifika kama kilo 10. Lakini huvumilia joto zaidi kabla ya kuwaka, na watengenezaji huiahidi mizunguko 2,000 ya kuchaji. Skrubu ilikuwa na uzito wake katika uamuzi. Seli moja ikifa, hutolewa kwa spana kwa dakika ishirini. Hakuna nikeli ya kubandua wala mashine ya kuchomelea. Betri inayoweza kufunguliwa na fundi wa mtaa ina maisha marefu kuliko ile inayotupwa nzima kwa sababu ya seli moja.

Gharama ya betri moja: seli 16 kwa 1,300, yaani 20,800, BMS 3,200, chaja ya volti 58.4 na ampea 5, 4,200. Sanduku la bati la milimita 1.2 lenye mpira ukingoni, lililofuliwa na mafundi wa chuma wa Kamukunji, 3,500. Nyaya, fyuzi ya ampea 40, plagi na vipande vya shaba 2,300. Jumla 34,000. Waliagiza mwishoni mwa Machi 2024. Januari dola moja ilikuwa karibu shilingi 160 na kufikia mwisho wa Machi ilikuwa karibu 130. Kwa Januari, seli peke yake zingegharimu karibu elfu tano zaidi kwa kila betri.

Wakakadiria kwa tahadhari mizunguko 1,500 badala ya 2,000. Rida wa kilomita 68 hutumia karibu wati-saa 950 kwa siku, yaani mzunguko mmoja na robo. Hiyo ni siku 1,210 za kazi, au shilingi 28 kwa siku, dhidi ya 100 za mwanzo.

Uamuzi wa pili ulikuwa plagi. Chaja mpya ilipewa plagi ya pini tatu yenye ufunguo wa kubana, ambayo haiingiliani na chaja yoyote ya kawaida sokoni. Chaja iliyokosewa haiingii, hata mtu akiwa amechoka na kuna giza. Katika kisa hiki kizima, hilo ndilo badiliko tunalolithamini zaidi, na ndilo lililokuwa rahisi zaidi.

Uamuzi wa tatu ulikuwa wa biashara. Baiskeli iliuzwa bila betri, kwa 45,000, sasa ikiwa na mota ya wati 500 ya volti 48. Betri ilibaki mali ya kikundi, na rida alilipa 150 kwa siku ya kazi pamoja na amana ya 3,000. Ikiharibika bila uzembe, hubadilishwa. Ikifunguliwa na fundi mwingine, amana hupotea. Sababu ilikuwa ya wazi: anayemiliki betri ndiye anayepata hasara ya kuitendea vibaya, na ndiye mwenye pesa za kununua nzuri. Rida asiye na akiba atachagua ya 11,000 kila mara, na si kwa ujinga, hana 34,000.

Wa nne, mahali pa kuchaji. Betri ya wati-saa 768 haimalizi siku ya kilomita 68. Inatosha kama 55. Walipatana na mama wa kibanda cha chakula Kilimani, ambako marida hukutana kula, wachaji kuanzia saa nane na nusu hadi saa kumi alasiri, wakati oda zimepungua. Saa moja na nusu kwa ampea 5 hurudisha karibu wati-saa 400, zinazotosha jioni. Bei: 50 kwa kila chaji.

Mtaji wa betri 20 ulikuwa 680,000. Laki nne zilikopwa kutoka sacco, zilizobaki zikatoka kwenye akiba za wanakikundi. Baiskeli nane za mwanzo zilibadilishwa, na 12 mpya zikauzwa.

Matokeo baada ya mwaka mmoja

Kati ya baiskeli 20, 17 zilikuwa bado barabarani. Betri mbili ziliibwa nje ya majumba ya ghorofa, rida akiwa juu anapeleka oda. Rida mmoja alirudi kwenye petroli kwa sababu oda zake nyingi zilizidi kilomita 10, na kwa umbali huo baiskeli humchelewesha.

Betri zilipimwa baada ya mizunguko takriban 370. Wastani ulikuwa ampea-saa 14.1, asilimia 94 ya mwanzo. Seli tatu tu zilibadilishwa, na mbili kati yake zilikufa kwa kosa la karakana yenyewe: nati haikukazwa vizuri, kiungo kikapata joto, kikaunguza kichwa cha seli. Sasa nati zote hukaguliwa baada ya wiki moja ya kazi, na kila nati ina alama ya kalamu inayoonyesha ikiwa imesogea.

Makusanyo kamili yangekuwa 66,300 kwa mwezi. Yaliyopatikana kwa wastani ni 57,000. Rida anapougua au oda zinapokosa, halipi, na kikundi hakikuona busara kumkaba. Kwa kasi hiyo mtaji ulirudi baada ya karibu mwaka mzima, bila kuhesabu riba.

Kilichofaa, kilichokosewa

Kutenganisha betri na baiskeli ndiko kulikookoa biashara. Kulihamisha hatari kutoka kwa mtu asiyeweza kuibeba. Pia kulifanya karakana ipende betri idumu. Kabla ya hapo, betri iliyokufa mapema ilikuwa, kwa hesabu ya ubaya, mauzo mapya.

Kikundi kilikosea kuuza kabla ya kupima. Mita ya kilomita ya shilingi 800 kwenye baiskeli mbili kwa wiki moja ingeonyesha 68 badala ya 40, na betri ya wati-saa 410 isingeuzwa kwa mtu wa oda hata moja. Kwa mtu wa kwenda kazini kilomita 12 na kurudi, betri ileile ingekuwa kazi tofauti. Walikosea pia kupima seli kwa ampea nusu. Kipimo cha kufaa kingekuwa kuivuta seli kwa ampea 2.5 kwa sekunde kumi na kuangalia volti zinashuka kiasi gani; zaidi ya 0.25, haifai mlima.

Kosa kubwa zaidi lilikuwa ukimya kati ya Desemba na Januari. Malalamiko ya Valley Road yalikuwa onyo kamili, na karakana ilipokosa jibu, jibu lilitoka kando ya barabara. Chombo kinachomwangusha rida katikati ya siku ya kazi kitarekebishwa na mtu yeyote aliye karibu. Kama kulikuwa hakuna pesa za betri, bado kulikuwa na hatua ya bure: kupunguza kontrola hadi ampea 10. Baiskeli ingepanda polepole rida akisaidia kwa pedali, seli zingepumzika, na hakuna mtu angetafuta kuiruka BMS.

Kuchaji kibandani ni nusu ya ushindi. Mwanzoni chaja sita ziliwekwa kwenye ekstensheni moja ya bei ya chini. Chaja sita ni karibu wati 1,800, ndani ya uwezo wa soketi ya ukutani, lakini waya wa ekstensheni hiyo ulikuwa mwembamba mno na plastiki ikayeyuka. Sasa kuna waya wa milimita mraba 2.5 na soketi zilizofungwa ukutani. Bei nayo inauma. Kilomita 68 zinahitaji karibu yuniti 1.1, zilizogharimu wakati huo kama shilingi 33 kwa tokeni za nyumbani pamoja na kodi. Rida anayechaji kibandani mara mbili hulipa 100.

Weka hesabu hiyo kando ya petroli. Oktoba 2024 lita ilikuwa imeshuka hadi 180.66, na siku ya kilomita 68 kwa pikipiki ikawa karibu 270. Betri 150 na kuchaji 100 ni 250. Kwa mafuta tu, faida imebaki shilingi 20. Anayechaji nyumbani bado anaokoa karibu 90, ila wenye nyumba wengi, hasa wenye mita moja ya ploti nzima, wamekataza kuchaji vyumbani, na baada ya Januari ile ni vigumu kuwalaumu. Kinachombakisha rida kwenye baiskeli ni kwamba inakuwa yake, na zile 400 za kukodi hazitoki tena kila jioni.

Soko linaelekea wapi

Bei ya betri duniani inashuka. BloombergNEF, kampuni ya utafiti wa soko la kawi, iliripoti wastani wa dola 115 kwa kilowati-saa mwaka 2024, kutoka 139 mwaka 2023. Kwa kipimo hicho betri ya kisa hiki ingekuwa chini ya dola 90. Kikundi kililipa karibu 260, chaja ikiwemo. Tofauti hiyo inatokana na kuagiza seli 320 badala ya elfu thelathini, usafiri wa mzigo mdogo, sanduku na kazi. Karakana tano zikiagiza pamoja, sehemu kubwa ya tofauti hiyo inaondoka, na hilo linawezekana leo bila kungoja mtu.

Kodi haitabiriki vivyo hivyo. Mswada wa Fedha wa 2024 ulipendekeza kubadilisha unafuu wa VAT wa 2023, kisha mswada wenyewe ukaondolewa Juni mwaka huo. Anayepanga bei ya betri ya miaka mitatu anapaswa kuhesabu kana kwamba unafuu huo unaweza kuondoka.

Vituo vya kubadilishana betri vinasaidia pikipiki, lakini betri ya mtandao mmoja haiingii kwenye pikipiki ya mwingine. Kwa baiskeli ya shilingi 45,000, kuingia kwenye mtandao wa aina hiyo ni kumfunga rida kwa mwenye kituo. Tunaona heri volti 48, plagi moja iliyokubaliwa na mafundi wa jiji, na seli za skrubu. Halafu kuwe na mita tofauti ya stima mahali ambapo marida tayari wanakula, ili ile bei maalumu ya kuchaji iwafikie na wao, kwa sababu kwa mita ya kibanda haiwafikii.

Mapema 2025 kikundi kilikuwa kimeanza kumshawishi mama wa kibanda na mwenye kiwanja waombe mita hiyo kwa pamoja. Betri za mwanzo, zile za laptopu, zilitolewa chaji hadi mwisho na kupelekwa kituo cha kukusanya taka za kielektroniki. Rafuni mwa karakana kuna seli nne za LFP za akiba zenye nusu chaji, kila moja ikiwa na tarehe na kipimo chake kwa kalamu nyekundu, na juu yake imetundikwa chaja ya volti 54.6 iliyokatwa waya.